Kurasa za Mageni

Kharumwa,
12 Juni 1954

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Geita, na kifua chako kimetulia. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu, Babu anakusalimu, na Mageni anakusalimu ingawa hayupo hapa. Yuko na ndama.

Baba, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Sista wa shule, wala padri kwenye kitubio. Kwa mdomo nisingeweza kukuambia. Unanijua, ukiniuliza neno natazama miguu yangu. Kwenye karatasi hunioni, basi ngoja niseme.

Tulipofunga shule nilimkuta Mageni naye amefunga, ameleta karatasi ya mwalimu wake. Hesabu amepata nane kwa hamsini. Mwalimu ameandika kwamba akiendelea hivi, mtihani wa darasa la nne wa mwezi wa kumi na moja hatauweza, na shule ya kati ataisikia kwa wenzake. Mama alinipa nimsomee. Nilimsomea kwa sauti ya huzuni. Baba, moyoni nilifurahi.

Nilifurahi kwa sababu siku ya Pasaka nilikuwa nyuma ya ghala, nikakusikia ukimwambia Babu: "Mageni akiingia la tano, Generosa atarudi nyumbani. Wawili siwawezi." Tangu siku hiyo, kila Mageni akikosa hesabu, mimi naona nimeongezewa mwaka wa shule. Sasa umeniagiza, kwa mdomo wa Akida, dereva wa lori, kwamba likizo hii nimfundishe mdogo wangu asije akasahau hata hayo machache. Nimekaa siku nne nikijifanya natafuta chaki. Chaki ninayo.

Nisamehe. Ukisema nimfundishe, nitamfundisha. Nilitaka tu ujue kazi hiyo unampa nani.

Ni mimi binti yako,
Generosa

*

Kambini, Geita,
17 Juni 1954

Mwanangu Generosa,

Marahaba. Mimi mzima. Kifua kinasumbua asubuhi, mchana kinanyamaza. Msalimu mama yako, msalimu mzee, mwambie tumbaku yake nimempa Akida.

Naandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Karani wa kambi alitaka kuniandikia, nikaona barua yako si ya kusomwa na karani.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikasema, huyu mtoto amekaa na neno hili tangu Pasaka, analala nalo, anaamka nalo, na mimi baba yake sijui. Mara ya tatu niliona aibu.

Neno la Pasaka nalifuta. Utasoma mpaka la nane. Mageni akifaulu mtasoma wote wawili. Nimeomba kuhamia zamu ya chini kabisa ya mgodi, kule wanakoongeza mshahara kidogo. Usinishukuru, wala usimwambie mama yako habari ya chini kabisa.

Ila mfundishe kwelikweli. Mimi herufi nilizipata kwa katekista, nikiwa tayari na ndevu. Huku mgodini anayesoma vizuri anapewa orodha ashike, asiyesoma anapewa jiwe abebe. Mimi nasoma polepole, basi orodha nashika na jiwe nabeba. Mageni asiwe wa namna hiyo.

Akida anapita kwenu kila Jumamosi. Mpe ukurasa mmoja alioandika Mageni kwa mkono wake. Mmoja tu. Nataka niuone kwa macho.

Baba yako,
Mabula

*

Kharumwa,
3 Julai 1954

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tunashukuru tumesikia u mzima. Sisi wote wazima, isipokuwa Babu ambaye jino linamsumbua, na ukimwambia lingolewe anasema ameanza nalo na atamaliza nalo.

Kurasa mbili bila shaka umezipata, na huu ni wa tatu. Barua yako niliisomea kichakani. Nililia, halafu nikaenda kumtafuta mwanafunzi wangu.

Baba, mwanao ana maradhi ya hesabu. Tukisoma hadithi ni mzima, tukifika kwenye kugawanya anaumwa. Juzi nilimwuliza, "Unaumwa nini?"

"Kichwa."

"Jana si ulisema tumbo?"

"Tumbo limepona, likapanda."

Nilimpa michembe kumi na miwili ya viazi aigawe kwa watu watatu. Akaila yote. Nikamwuliza jibu. Akasema, "Hakuna kitu, Dada. Watu watatu wamechelewa."

Basi nikajaribu ng'ombe wa Babu, maana anawajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa tabia. Akakataa. "Ng'ombe wa Babu hawagawanywi, akikusikia atakuchapa." Nikafunga daftari. Baadaye kidogo tukiwa tunachuma pamba, kila mtu na mstari wake, nikamsikia anaongea peke yake kule mbele: "Dada akiolewa kwa ng'ombe ishirini na nne, Baba, Babu na mimi tukagawana sawasawa, kila mtu nane." Bila vidole, Baba! Nikampigia kelele, "Na wakiwa thelathini na sita?" Akajibu, "Kumi na wawili, lakini hakuna atakayetoa thelathini na sita kwa mtu asiyesema." Mama alicheka mpaka akakaa kwenye majani.

Nami nilicheka. Nilidhani maneno hayo yangenichoma, kwa kuwa unajua ninaogopa nini. Hayakunichoma. Tangu siku hiyo tunagawanya mahari yangu kila asubuhi. Nimekwisha kuolewa mara arobaini. Mchana tunakaa kwenye kivuli cha ghala anaandika ukurasa wako. Anakandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka, na ile nne yake utaiona, kama kiti kilichopinduliwa. Kosa lake kubwa sasa ni moja. Akijumlisha, husahau ile moja ya kupeleka kwenye makumi.

Shuleni sala tunasali kwa Kiswahili na hesabu tunafanya kwa Kiingereza. Sikujua kwamba naweza kufundisha kitu kwa Kisukuma, shambani, na mtu akaelewa. Sista anasema mimi sitakuwa mwalimu kwa sababu sauti yangu haifiki nyuma ya darasa. Kwa Mageni inafika.

Binti yako,
Generosa

*

Hospitali ya mgodi, Geita,
8 Julai 1954

Mwanangu,

Marahaba. Msishtuke kwa hapo juu palipoandikwa hospitali. Jumatatu jiwe liliteleza likaniangukia mguu wa kushoto. Umevunjika chini ya goti. Wameufunga plasta, umekuwa mzito kama kinu. Daktari anasema wiki tano, au sita. Mwambie mama yako asije, njia ni mbaya na pamba haijaisha.

Nakula, nalala, nahesabu nzi. Kurasa zako tatu nimeziweka ukutani juu ya kitanda. Wagonjwa wenzangu wanazijua kuliko mimi. Thobias, yule jirani yetu wa ng'ambo ya mto, anakuja kunitazama kila akitoka zamu, na kila mara namsomesha kwa nguvu. Nimecheka habari za mahari mpaka mguu ukauma.

Nikuambie kitu. Ile kugawanya sikuwahi kuijua. Sasa naifuata kwenye ukurasa wa Mageni, mstari kwa mstari, kwa kidole. Dresa, yule anayetufunga vidonda, ananielekeza. Basi ujue unafundisha watu wawili.

Mwambie Mageni asilegee. Akisema kichwa kinauma, mwambie baba yake amelala hospitali, mguu umevunjika, na bado anasoma. Usimwachie.

Baba yako,
Mabula

*

Kharumwa,
19 Julai 1954

Baba,

Barua hii Akida hataichukua. Naiandika kwa sababu sina mahali pengine pa kuisema.

Mageni amefariki. Ni Jumatano iliyopita, alfajiri.

Jumatatu mchana tulikaa kivulini. Nilimpa hesabu sita. Akafanya nne, akasema, "Dada, kichwa." Nikamwambia, "Leo tena?" Akasema, "Leo kweli." Nikamwambia baba yake amelala hospitali, mguu umevunjika, na bado anasoma. Akanitazama. Akashika penseli, akaanza ya tano, akaweka uso juu ya daftari. Nilidhani ananichezea. Nikamwacha hivyo muda wa kuchuma nusu mstari, ili achoke mwenyewe na mchezo wake. Niliporudi, shingo ilikuwa ngumu na mwanga ulimwumiza macho. Alikuwa wa moto, Baba, wa moto kabisa.

Tulimbeba kwa baiskeli mpaka zahanati, mimi nyuma namshikilia. Dresa wa pale alisema ni homa ya uti wa mgongo, ameona watoto wengine wawili mwezi huu. Alimchoma sindano. Usiku wa Jumanne Mageni alikuwa anataja majina ya ng'ombe. Aliwataja wengi. Halafu akanyamaza.

Tumemzika karibu na boma la ndama.

Baada ya mazishi Babu alituita ndani. Akasema, "Habari kama hii haitiwi kwenye karatasi. Mtu anaambiwa amekaa chini, amekunywa maji, na ndugu wako kulia na kushoto kwake. Mabula yuko peke yake kitandani, ni mgonjwa. Mkimwandikia mtamwua." Nikasema Mama aende basi, au yeye aende. Akasema mtu wa msibani akitokea hospitali, mgonjwa ataona usoni kabla hajasalimiwa. Tusubiri ashuke kitandani. Akida ameapishwa asiseme. Watu wa kwetu walioko kambini nao wamepelekewa neno, wanyamaze.

Halafu Babu akanigeukia. "Na zile karatasi anazozipenda, ziendelee. Zikikatika atajua."

Nikasema, "Babu, Mageni hayupo wa kuziandika."

Akasema, "Wewe si upo?"

Mama alikuwa ameshika shati la shule la Mageni, analikunja, analikunjua.

*

Kharumwa,
24 Julai 1954

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na mguu. Tunakuombea kila siku. Mama anakusalimu, Babu anakusalimu. Jino lake limenyamaza.

Utusamehe kwa Jumamosi iliyopita, ukurasa haukupatikana. Nyumbani kulikuwa na watu wengi. Wa wiki hii huu hapa.

Pamba imekaribia kwisha. Mageni anakusalimu.

Binti yako,
Generosa

*

Hospitali ya mgodi, Geita,
12 Agosti 1954

Mwanangu Generosa,

Marahaba, marahaba. Nimefurahi mno leo, ndiyo maana naandika kabla sijala.

Wiki mbili hizi barua zako zimekuwa fupi, nikasema huyu mtoto amechoka, kazi imekuwa nyingi. Hata shule yako najua imefunguliwa na Akida ananiambia bado upo nyumbani. Kwa nini? Kama ni kwa ajili yangu, nenda. Ila kurasa zimekuja zote, nami nimezisoma zote. Sasa sikiliza. Ule wa Jumamosi iliyopita, hesabu ya tatu, arobaini na saba kujumlisha thelathini na tano. Mageni ameandika sabini na mbili. Nilitazama, nikatazama tena, nikasema hapana. Ni themanini na mbili! Amesahau ile moja. Nimeliona kosa mimi mwenyewe, Generosa, hakuna aliyenionyesha. Nilimwita dresa kwa sauti mpaka akaja anakimbia akidhani nimeanguka.

Thobias alipokuja nikamwonyesha. Nikamwambia, tazama, mwanangu anakosea na mimi nalijua kosa lake. Akautazama ule ukurasa, akasimama, akatoka nje bila kuaga. Kofia yake imebaki kitandani mpaka sasa. Nadhani ameona wivu, maana kijana wake hakai shuleni. Tangu mwezi uliopita watu wa kwetu wamekuwa wa ajabu. Wananiletea uji, wananiletea mayai, nikianza kusema habari za Mageni wanauliza mguu unaendeleaje.

Mwandiko wake umelegea kidogo, hatoboi tena karatasi. Ni vizuri, anakua. Mpe swali hili kutoka kwangu, ajibu mwenyewe bila msaada wako: lori lina magunia tisini na sita ya pamba, linashusha sawasawa vituo vinne, kila kituo magunia mangapi? Na chini yake aniandikie neno lolote analotaka, si hesabu. Hajapata kuniandikia neno.

Plasta wametoa. Natembea na fimbo. Jumamosi tarehe ishirini na moja naruhusiwa, nakuja nyumbani na lori la Akida.

Baba yako,
Mabula

*

Kharumwa,
21 Agosti 1954

Baba,

Shikamoo.

Leo unakuja. Babu, Mama na ndugu wote wamekwenda dukani linaposimama lori, wamebeba kiti na mtungi wa maji. Watakukalisha, utakunywa, halafu Babu atasema. Mimi nimeachwa hapa nichemshe maji na kufagia. Nimefagia. Barua hii nitakupa mkononi baadaye, watu wakiondoka, kwa sababu kuna mambo Babu hajui kuyasema.

Mageni alifariki tarehe kumi na nne Julai kwa homa ya uti wa mgongo. Ukurasa wa mwisho wa mkono wake ni ule wa tarehe kumi Julai. Zilizofuata nne niliandika mimi, kwa mkono wa kushoto.

Wa kwanza ulinichukua siku nzima. Nne yake niliipata haraka. Kukandamiza penseli kulinishinda, kidole kilikuwa hakina nguvu, wewe ukadhani anakua. Kazi ngumu ilikuwa makosa. Nilikuwa nafanya hesabu, nikipata jibu nafuta, nakaa najiuliza yeye angekosea wapi. Wiki ya kwanza nilijua upesi. Wiki ya nne nilikuwa sijui tena. Niliogopa nimeanza kumtungia makosa ambayo si yake. Hiyo sabini na mbili, Baba, uliyoifurahia, nilikaa nayo mpaka maziwa yakamwagika motoni. Lakini kosa umeliona wewe mwenyewe. Hilo si uongo.

Ile salamu ya Mageni nayo nilikuwa sijaiandika. Babu alinisomesha barua kwa sauti, akaniuliza, "Mbona mtoto hamsalimu baba yake? Atashtuka." Nikaongeza.

Swali la magunia sikulimaliza. Nilishika penseli kwa kushoto, nikaweza kuandika ishirini na nne. Chini yake uliposema aandike neno lolote analotaka, sikuweza. Hilo ni neno lake, nami silijui.

Thobias hana wivu. Mrudishie kofia yake.

Shule imefunguliwa wiki mbili zilizopita. Babu amenizuia kwa kuwa hapa hakuna mwingine wa kushika kalamu. Sijui kama Sista atanipokea. Usiwaze hilo leo.

Jambo moja bado. Siku ile ya Jumatatu kichwa kilimwuma kweli, akaniambia, nami sikumwamini. Nikamkalisha na hesabu. Kama ningemwachia akalale, kama ningemgusa paji la uso tu, tungefika zahanati mapema. Ni mimi niliyemkatalia. Yalikuwa mawazo yangu mwenyewe, hakuna mtu aliyeniambia nimkazie hivyo. Ukianza kufikiri vingine, Baba, usifikiri. Ni mimi peke yangu.

Nataka pia nikuambie kwamba Mageni alikuwa

Kuna mtu anakuja. Si Mama, Mama hutembea haraka. Anatokea upande wa mashina ya pamba, njia ya mkato ya kutoka barabara kuu. Hatua moja, kisha fimbo. Hatua moja, kisha fimbo.

Lori bado. Sijasikia lori. Umekuja na gari jingine, Baba, umewapita wote, wako dukani wanakungoja na kiti.

Anasimama kwenye boma la ndama. Amekohoa.

Anaita Mageni.

Hatua zinakuja mlangoni. Maji sijayamimina. Naisukuma karatasi chini ya mkeka